Moshi wa Mwani wa Beairtle

Roisín, Conamara
25 Septemba 2016

Mjukuu wangu Muireann,

Salamu zikufuate huko kwenye baridi uliyojichagulia. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanisumbua. Mbweha kala kuku wawili, na amechagua wale wanaotaga, wavivu kaniachia. Viazi vya mwaka huu vina maji. Samaki makreli nimetia chumvi pipa zima, nawe ulikuwa ukiwapenda, lakini sasa nadhani unakula vya kopo. Mama yako alikuja kutoka Galway na yule mume wake. Alikaa na koti mwilini, akanywa chai nusu kikombe, akaondoka. Nilimtazama tu.

Wewe nawe uliondoka Agosti. Kila mwaka ukija unaondoka Agosti. Mwaka huu nilidhani kwa sababu ya hiyo mashine yenu mliyoifunga pale rasini utakaa mpaka Septemba, lakini wapi. Umemwachia kijana wa watu funguo, huyo ukaruka. Mimi naona. Sisemi.

Tarehe kumi na nane niliwasha moto wa baba yako kama kila mwaka. Ilikuwa Jumapili. Nilitoka misani, nikavua viatu vizuri, nikavaa buti. Maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa mpaka ile miamba ya nje ikawa wazi. Mwani niliukata mwenyewe kiangazi kizima kwenye kipande chake cha ufuo, nikauanika juu ya ukuta wa mawe, ukakauka mpaka unalia mkononi. Ulishika vizuri ajabu. Tangu Beairtle azame, miaka minane hii, sijauona ukishika vile. Ila moshi haukutaka kupanda. Ulilala chini, ukaambaa pwani pwani mpaka kwenye kibanda cha mashine yenu, ukakizunguka chote. Hapakuwa na mtu, Jumapili. Nikasema moyoni, haya Beairtle, mwanangu, leo umekwenda kumtafuta binti yako na hayupo.

Vaa soksi za sufu nilizokufumia, usizifanye pambo.

Bibi yako,
Baibín


Helsinki
2 Oktoba 2016

Bibi mpendwa,

Shikamoo nakuletea kutoka ghorofa ya nne, ambako dirisha linatazama maegesho ya magari. Sijambo. Soksi nimezivaa hata sasa ninapoandika. Sijapata barua yako ya Septemba nami nimeanza kuwaza. Najua simu huitaki kwa sababu ya masikio, basi andika hata mistari miwili.

Bibi, nina habari njema, na wewe ndiye wa kwanza kuandikiwa. Unakumbuka uliniuliza ile mashine inafanya nini, nikakujibu vibaya kwa sababu nilikuwa na haraka? Nakueleza sasa. Inavuta hewa ya ufuo kwa bomba. Kila chembe ya gesi inayotakiwa inatiwa umeme kidogo, halafu zote zinasukumwa pamoja ndani ya mrija usio na hewa. Nyepesi zinafika mwanzo, nzito zinachelewa. Kwa kuchelewa kwake tunaijua kila moja uzito wake, na uzito ndio jina lake. Iodini ni nzito, haijifichi. Hata ikiwa chembe moja tu katikati ya milioni mara milioni za hewa, mashine inaiona. Inatoka kwenye mwani maji yanapokupwa, na jua likiipiga inageuka vumbi laini sana ambalo mawingu hulishikilia. Watu wanaohesabu joto la dunia wanataka kujua inatoka kiasi gani.

Sasa sikia. Jumapili ya tarehe kumi na nane, mchana, maji yakiwa yamekupwa kabisa, iodini ilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa na sisi mahali popote. Kwenye mchoro ni kama mlima uliosimama katikati ya bwawa. Kile chombo kingine cha kuonyesha moshi kilikuwa kimepelekwa matengenezo wiki ile, lakini moshi wa nini pale, hakuna kiwanda wala barabara. Ni mwani wetu, Bibi. Mkuu wangu, Profesa Hietala, mtu asiyecheka, alikuja kunishika mkono. Novemba nitauwasilisha mlima huo mbele ya wataalamu. Nikifanikiwa watanipa kazi ya kudumu.

Natamani ungeuona.

Mjukuu wako,
Muireann


Roisín
9 Novemba 2016

Muireann,

Hujambo huko. Hapa mvua, na paa la ghalani linavuja palepale.

Barua yako ilifika zamani. Yangu ya Septemba ndiyo imerudi leo na kibandiko cha hao watu wako wa posta, eti anwani haieleweki. Wewe ndiye uliyeiandika kama mwendo wa kuku. Naitia humu ndani ya hii, usome zote mbili.

Huo mlima wako sikuuelewa, lakini siku umeitaja bila kusita. Tarehe kumi na nane Septemba. Umeiandika kama vile ni tarehe yoyote. Mtu asiyekujua angedhani ulizaliwa na jiwe.

Baibín


Helsinki
20 Novemba 2016

Bibi mpendwa,

Natumaini paa limezibwa. Mimi nimepata mafua, yamepita.

Barua zako mbili zilinikuta ngazini Ijumaa. Nilisoma ya Septemba palepale, nimesimama, koti halijavuliwa. Nilipofika kwenye moshi ulioambaa mpaka kibandani nilicheka. Kisha nikakaa kwenye ngazi.

Nilikuwa nimekwisha kuzungumza, Bibi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, mbele ya ukumbi mzima. Watu walisimama kuniuliza maswali mpaka wakati wa chai ukapita. Ilibidi Jumamosi nimwandikie mkuu wangu, halafu niwaandikie wote waliokuwapo, kwamba ule mlima haukuwa pumzi ya mwani. Ulikuwa mwani unachomwa. Hewa ilikuwa imechafuliwa, nayo haihesabiwi. Profesa hakunigombeza. Alisema, "Bora tumejua," akarudi ofisini kwake akafunga mlango taratibu, na hilo ndilo baya zaidi.

Sikulaumu. Nilipaswa kujua. Naijua siku hiyo.

Ila nina ombi. Septemba ijayo watakuja watu wa nchi nne na mashine zao hapo rasini, kwa mwezi mmoja tu, na kazi yangu yote inasimama juu ya mwezi huo. Naomba mwakani usiwashe. Mwaka mmoja tu. Au uwashe Oktoba, wakishaondoka. Mwani utaungua vilevile.

Nisamehe kwa kuomba.

Muireann


Roisín
8 Januari 2017

Kwa Muireann,

Krismasi imepita. Nilikula bata wa jirani. Sikuumwa.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena ili nisikuonee. Umeandika "hewa imechafuliwa." Umeandika "haihesabiwi." Umemchora baba yako kwenye karatasi kisha umemfuta. Sasa nitakwambia jambo ambalo hujawahi kuniuliza hata siku moja, na miaka minane ni mingi.

Nilipokuwa msichana mdogo tulichoma mwani kwa ajili ya kuuza majivu yake. Mashimo yenye mawe yapo mpaka leo, umeyachezea. Watu wa iodini walikuja na mizani, wakaonja majivu kwa ulimi, wakatupunja. Biashara ile ilikufa na mimi sikuililia. Sikuwahi kufikiri nitachoma tena.

Siku ile baba yako alikwenda kukata mwani wa kiwanda. Alifunga climín yake, lile tita la mwani la kuvutwa majini, vizuri kama alivyofundishwa, kamba chini, rundo juu, duara kama mkate, akasubiri maji yajae yaunyanyue, akaufunga nyuma ya boti kuuvuta nyumbani. Upepo ulibadilika. Wewe ulikuwa chuoni Galway. Mimi nilikuwa gatini, na nilichokiona kikija ni climín. Peke yake. Imefungwa vilevile, fundo lake halijalegea, inaelea polepole kama ng'ombe anayeijua njia. Boti waliipata kesho yake kifudifudi. Yeye hawakumpata.

Lori la kiwanda lilikuja Alhamisi kuchukua mwani wa kila mtu. Dereva, maskini, akaniuliza, "Na ule pale, mama, ni wa nani?" Nikamwambia, "Ule una mwenyewe." Ungefanya nini nao wewe uliyesoma? Kuuza sikuweza. Kuacha uoze sikuweza. Nikauanika, nikauchoma kwenye shimo la baba yangu. Huo ndio mwili niliopewa kuzika. Mama yako alitaka jiwe makaburini lenye jina. Jiwe juu ya nini? Mimi siandiki jina juu ya udongo mtupu.

Basi ndiyo kila mwaka. Na siku ni ile, siyo Oktoba. Baba yako hakufa Oktoba ili iwafae wageni.

Baibín


Helsinki
11 Februari 2017

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Theluji imefika madirishani. Nimepika viazi na kabichi, havikuwa kama vyako.

Habari ya climín sikuijua. Nilijua boti. Hakuna aliyeniambia kuhusu climín.

Jambo moja nataka uelewe. Sisi hatufuti. Kipimo kilichoharibika kinabaki mahali pake, tunakiwekea alama pembeni na kuandika sababu, ili atakayekuja miaka hamsini baadaye ajue. Ule mlima upo, Bibi, nukta zote. Mwingine angeandika sababu kuwa "moshi". Mimi niliandika "moto wa Beairtle". Profesa akaniuliza Beairtle ni aina gani ya mwani. Nikamwambia ni wa kwetu, unapatikana ufuo mmoja tu.

Bado naomba kuhusu Septemba. Sina namna nyingine ya kusema.

Muireann


Roisín
4 Juni 2017

Muireann,

Nimekaa kimya tangu kabla ya Pasaka na nilikusudia. Mboji ya kuwashia moto imekatwa, vipande vimesimamishwa vikauke. Padri mpya ana sauti ya mbuzi. Mgongo umezidi, daktari kanipa vidonge, vinanilaza mchana kama paka.

Umemwambia mtu mzima kwamba baba yako ni mwani. Miaka yote hiyo ya shule. Nililisoma hilo kwa sauti jikoni, peke yangu, nikajikuta nacheka, halafu nikamkasirikia Profesa kwa kukuamini. Hana macho huyo? Hakukuona uso?

Watu wenu walikuja juzi kupima mahali pa kuweka mahema. Nikamuuliza mmoja, "Na Muireann atakaa hema lipi?" Akasema, "Muireann haji, ameomba abaki Helsinki na hesabu." Ameomba. Wewe uliyezaliwa hatua chache kutoka hapo, unayejua kila mwamba kwa jina, umeomba usije. Nikamwambia kijana, kweli, hesabu ni nzito, mwache.

Basi sikiliza mpango wangu, na sitaurudia. Mwani ninaukata kama kawaida na kuuanika. Tarehe kumi na nane sitauwasha. Mashine zenu zitapata hewa yao safi, nawe utapata kazi yako. Lakini utakuja ukae na mimi pale shimoni, maji yakipwa mpaka yaanze kurudi. Huna haja ya kusema kitu. Huna haja ya kulia, mimi mwenyewe silii. Ukae tu. Mtu mmoja kukaa pale kila mwaka na kiberiti ni kitu kinachochosha, Muireann.

Usiponijibu nitajua nimejibiwa, na nitawasha.

Baibín


Helsinki
19 Julai 2017

Bibi mpendwa,

Nakuja.

Tiketi nimekata. Nitafika Dublin tarehe kumi na saba Septemba asubuhi, kisha nitapanda basi la Máirtín la jioni kutoka Galway. Usinisubiri barabarani, mgongo. Nitatembea kutoka njia panda.

Naomba makreli. Na mkate wa magadi, ule unaouchanja msalaba juu.

Asante kwa kuuacha moto. Najua ninachokuomba.

Muireann


Helsinki
24 Septemba 2017

Bibi mpendwa,

Salamu, na natumaini mgongo umepungua. Najua umekasirika. Nilituma ujumbe kwa wenzetu wa mahema wakuambie, sijui kama ulikufikia. Pampu ya mashine yetu ya hapa iliharibika siku ya safari, na hakuna mwingine anayeijua. Ilibidi nibaki. Nilipoteza tiketi. Samahani, Bibi, samahani sana.

Hukuwasha. Nimeona. Tarehe kumi na nane ndiyo siku safi kuliko zote za mwezi mzima, kila mtu anasema hivyo. Maji yalipokupwa asubuhi iodini ilipanda taratibu, kilima kidogo, laini, kisha maji yaliporudi ikashuka. Mwani ukiachwa juani unatoa gesi hiyo wenyewe, ni namna yake ya kuvumilia. Hiyo ndiyo namba tuliyoitafuta. Mkataba wa kudumu nimepewa Ijumaa.

Nimeiweka michoro miwili ukutani, wa mwaka jana na wa mwaka huu, saa kwa saa. Nakaa naitazama. Pale palipokuwa na mlima hapana kitu.

Nitakuja Krismasi, au Pasaka.

Muireann


Roisín
8 Oktoba 2017

Mjukuu wangu Muireann,

Salamu. Mahema yameondoka, majani chini yake yamegeuka manjano. Wamekuwa watu wazuri, hawakuacha taka. Hongera kwa kazi. Nasema kweli, hongera. Baba yako angezunguka parokia nzima akiwaambia watu wasiomuuliza.

Ujumbe wa pampu ulinifikia. Kijana aliyeleta ujumbe nilimpa mkate wako.

Siku ile nilikwenda peke yangu, nikakaa kwenye jiwe, kiberiti mfukoni. Sikuwasha. Niliahidi, nami sikuweka kwenye ahadi kwamba ukikosa kuja imevunjika. Huo ulikuwa ujinga wangu. Mwanamke mmoja wa mashine, wa nchi sijui ipi, alinipungia mkono, halafu akaniletea kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Akaniuliza kwa ishara nangoja nani. Nikaonyesha bahari, akadhani nangoja maji yajae. Yakajaa. Nikarudi nyumbani.

Umeniandikia kwamba mwani unatoa gesi yake wenyewe bila kiberiti, unavumilia. Vizuri. Mimi si mwani.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Jumamosi Máirtín wa basi alipita hapa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Baibín, mjukuu wako alifika salama siku ile?"

Nikamuuliza, "Siku ipi?"

"Ile Jumapili jioni, kumi na saba. Nilimchukua Galway. Alikaa kiti cha mbele. Tulipofika kituo cha Teach Dóite akaniambia nimshushe, amesahau kitu mjini. Nikamwambia hapo hapana hata kibanda cha kujikinga, na mvua hii. Akashuka. Akavuka barabara, akasimama upande wa pili kungoja basi la kurudi. Nikafungua dirisha, nikamwambia, we mtoto, bibi yako amepika. Akasema, najua."

Nikamwambia Máirtín, ndiyo, alifika kesho yake, asante. Ni uongo wa kwanza kumwambia Máirtín tangu tukiwa watoto.

Kwa hiyo ulikuwa karibu hivyo. Ulikuwa umeshapita milima, ungeanza kuisikia harufu ya bahari. Sikuulizi ulichokiona pale barabarani mpaka ukavuka. Mimi nilikiona kikija na maji, wewe umekuwa ukikiona miaka tisa bila kukitazama, na sijui ni nani kati yetu mwenye afadhali. Nilikuwa nikidhani huji kwa sababu umesahau. Nilikusema vibaya kwa hilo, kwako na kwa wengine, na nitawarudia hao wengine mmoja mmoja.

Mwani wa mwaka huu upo juu ya ukuta, mkavu. Nimeufunika kwa lile turubai la boti yake. Mwakani sitakata mwingine, mgongo umegoma na daktari amesema maneno ambayo sitayaandika hapa. Huu ndio wa mwisho. Mimi siugusi tena. Ukija utauwasha wewe, mwezi wowote, mashine ziwepo zisiwepo, wala sijali tena tarehe. Usipokuja mwani utaoza, na ukioza harufu yake inafika mpaka barabarani. Máirtín atafunga madirisha ya basi na kila abiria atajua ni wa nani.

Kiberiti nimekirudisha nyuma ya saa ya jikoni. Njiti moja nimeiwasha jana pale mezani, kuona kama unyevu haujakiharibu.

Kinashika.

Bibi yako,
Baibín